Mwendesha baiskeli anapogongwa na gari: haki ya fidia haiishii kwenye "hela ya dawa"

Mleta uzi (Pasua, Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu baada ya kutoka wodini kumjulia hali jirani yangu, mzee muuza maziwa ambaye kila alfajiri huteremka kutoka Kibosho na madumu mawili yaliyofungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli yake. Juma lililopita aligongwa kwa nyuma na kifodi, yaani daladala ndogo, kilichokuwa kikikimbilia abiria. Mguu wake wa kushoto umewekwa vyuma. Nilipomuuliza suala la polisi limefikia wapi, alinionyesha nakala ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye alama ya dole gumba lake chini, inayosema kwamba amepokea shilingi 80,000 za dawa na kwamba "hatakuwa na madai mengine yoyote sasa na baadaye". Karatasi hiyo aliletewa siku ya pili, akiwa bado anatoka kwenye usingizi wa dawa za maumivu, na aliyemsomea ni ndugu wa dereva.

Nimeumia sana kwa sababu mimi mwenyewe nilibakiza kidogo tu kuingia kwenye mtego huo. Miaka michache iliyopita, nikitoka kupeleka kitanda kwa mteja upande wa Mailisita, niligongwa na Noah iliyokuwa ikilipita lori ikahamia kwenye bega la barabara, mahali nilipokuwa mimi. Nilivunjika mfupa wa muundi na mkono ukateguka. Ringi ya nyuma ya baiskeli yangu ilijikunja kama namba nane. Kesho yake alikuja kaka wa dereva, mtu mpole kabisa, na bahasha yenye shilingi 150,000 pamoja na karatasi ya namna ileile. Sikusaini kwa sababu moja tu: mkono wa kulia ulikuwa na sindano ya dripu, na mke wangu akamwambia, "Shemeji, acha karatasi hapo, akipona ataisoma mwenyewe." Nilipoisoma siku tatu baadaye nikiwa na akili timamu, nilielewa kwamba nilikuwa ninauziwa mguu wangu kwa bei ya kitanda kimoja cha mninga.

Jambo ambalo wengi wetu tunaoendesha baiskeli hatulifahamu ni kwamba Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamkataza mtu yeyote kutumia gari au pikipiki barabarani bila bima inayowahusu watu wengine, yaani ile tunayoiita bima ndogo. Watu husema bima ndogo ni ya kumridhisha trafiki, lakini haikuwekwa kwa ajili ya trafiki, na wala hailipi gari la mwenye bima. Imewekwa kwa ajili ya yule anayegongwa: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, mama aliyeketi na ndizi zake kando ya barabara. Baiskeli haihitaji bima, na kutokuwa na bima hakukupunguzii haki hata kidogo. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 10, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu itakayotolewa dhidi ya mteja wake kwa madhara aliyomsababishia mtu wa tatu. Kwa hiyo dereva anapokuambia "mimi ni maskini mwenzako, sina cha kukulipa", huenda anasema kweli, lakini mlipaji kwa kawaida si yeye.

Ninaomba wenye utaalamu watusaidie, na waliopitia mkasa kama huu waeleze walivyofanya. Je, mzee wangu mwenye dole gumba kwenye karatasi ana njia yoyote?

Mchangiaji wa pili (Usa River)

Pole sana kwa mzee, na pole kwako mkuu.

Kuanzia Tengeru kuja Maji ya Chai hadi Kikatiti, waendesha baiskeli tunagongwa na wanaogonga hawasimami. Mdogo wangu alipigwa na kioo cha pembeni cha Coaster saa moja jioni, akaangukia mtaroni, gari likaendelea na safari. Mashahidi walikuwepo, tena wengi, lakini kila mmoja alikumbuka rangi na hakuna aliyekumbuka namba. Tulihangaika miezi minne. Bila namba hakuna mwenye gari, na bila mwenye gari hakuna bima ya kuidai. Ndiyo maana ninawasihi: ukifika kwenye ajali, kabla hujapiga picha ya damu, piga picha ya namba ya gari. Ukiwa na namba, kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaweza kuona kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani. Siku hizi stika ni za kielektroniki, kwa hiyo usitegemee kusoma karatasi kwenye kioo.

Mchangiaji wa tatu (wakili, Arusha)

Mleta uzi, umeeleza vizuri. Naomba niongeze upande wa mahakama, kwa kuwa hapo ndipo madai mengi ya waendesha baiskeli yanapopotelea.

Ajali moja huzaa kesi mbili, na watu huzichanganya. Kesi ya kwanza ni ya jinai, ambamo Jamhuri inamshtaki dereva chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kwa kuendesha kwa uzembe au kwa hatari na kusababisha majeraha. Katika kesi hiyo wewe majeruhi ni shahidi. Faini anayotozwa dereva huenda serikalini, haiji kwako, na wengi wanaposikia "amelipa faini, kesi imekwisha" hukunja mikono wakidhani hata haki yao imekwisha. Haijakwisha. Kesi ya pili ni ya madai, ambayo unaifungua wewe dhidi ya dereva na mmiliki wa gari, na hiyo ndiyo inayoleta fidia. Ni kweli kwamba mahakama ya jinai nayo ina mamlaka ya kumwamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa, lakini kwa uzoefu wangu ni vigumu jambo hilo kutokea iwapo hakuna mtu aliyesimama na kuliomba.

Kesi hizi mbili zina daraja linaloziunganisha, nalo liko katika Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Dereva akitiwa hatiani, na muda wa rufaa ukapita au rufaa ikaamuliwa, hukumu ile inachukuliwa kuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa lile. Hii ina maana kwamba huna haja ya kuanza upya kuthibitisha kwenye kesi ya madai kwamba alitenda kosa la uendeshaji alilopatikana nalo. Madereva wengi hukiri kosa haraka ili walipe faini waendelee na kazi, na majeruhi hana habari kwa sababu bado yuko wodini. Mtume ndugu yako kwa mpelelezi aulize namba ya kesi, kisha aombe mahakamani nakala iliyothibitishwa ya hukumu. Karatasi hiyo ni dhahabu.

Kuhusu muda: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai yatokanayo na uzembe kama huu, ikihesabiwa tangu siku ya tukio. Miaka 3 inaonekana mirefu mpaka utakapoona jinsi ahadi za "subiri kidogo, bosi yuko safarini" zinavyoila. Kama aliyegongwa ni mtoto, muda hauanzi kumhesabia mpaka afikishe miaka 18, na kabla ya hapo mzazi anaweza kufungua shauri kwa niaba yake. Kama gari ni la serikali au la halmashauri, kuna kigingi kingine: Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza utoe notisi ya siku 90, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Nimeshuhudia shauri zuri likitupwa kwa kukosa notisi hiyo tu.

Sasa nirudi kwa mzee. Makubaliano yoyote, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yanahitaji ridhaa huru. Yaliyopatikana kwa shinikizo, kwa udanganyifu au kwa mtu kupotoshwa kuhusu kilichoandikwa, yanaweza kubatilishwa na yule aliyepotoshwa. Mtu aliyekuwa chini ya dawa, asiyejisomea mwenyewe, ambaye msomaji wake ni ndugu wa upande wa pili, ana hoja za kusimama nazo. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni jambo jepesi, maana yeye ndiye atakayepaswa kuthibitisha hali aliyokuwa nayo. Apate mapema maelezo ya hospitali yanayoonyesha dawa alizopewa siku ile na saa alizopewa, na waliokuwepo pembeni ya kitanda waandike walichokiona wakati bado wanakikumbuka. Zile 80,000 asizirudishe kiholela na asiongezewe nyingine mpaka apate ushauri. Zikihesabiwa kuwa sehemu ya malipo, hazimzuii kudai kilichobaki.

Mchangiaji wa nne (mhudumu wa afya, Moshi)

Ninachangia kuhusu PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kwa sababu ndiyo karatasi ya kwanza. Majeruhi mahututi anatakiwa ahudumiwe kwanza na fomu ifuate, kwa hiyo msimbebe mtu anayevuja damu kumpeleka kituoni kuomba fomu. Lakini ikifuata, ifuate siku hiyohiyo au kesho yake. Daktari anajaza aina ya jeraha na ukubwa wake, na hapa pana jambo dogo ambalo hupuuzwa: kama una maumivu mahali pengine mbali na mfupa uliovunjika, yataje. Nimewaona watu wanaotaja mguu tu kwa kuwa ndio unaouma zaidi, kisha baada ya mwezi kichwa kinaanza kuwasumbua au bega linakataa kunyanyuka, na kwenye PF3 hakuna bega wala kichwa. Upande wa pili utasema umeumia shambani kwako.

Vilevile kabla ya kukabidhi PF3, piga picha pande zote mbili, kwa sababu inarudi polisi.

Mleta uzi

Wakili, Mungu akubariki. Nitampelekea mzee maelezo haya leo jioni.

Niongeze yaliyonikuta kwenye upande wa ushahidi wa hasara, maana hapo nilipoteza na hapo niliokoka. Kampuni ya bima ya Noah iliomba nyaraka za polisi, yaani PF90 na PF115 za taarifa ya ajali, PF93 ya ukaguzi wa gari, ramani ya eneo la ajali, PF3 yangu na nakala ya hukumu. Hizo nilizipata kwa kufuatilia, ingawa miguu miwili ya magongo ilipanda ngazi za ofisi nyingi. Kilichonishinda ni risiti. Bajaji za kwenda kliniki kila wiki, dawa nilizonunua maduka ya mtaani, chakula cha kaka aliyekuwa akinilinda usiku, vyote nilivilipia na sikuwa na kipande cha karatasi. Havikulipwa.

Kilichoniokoa ni daftari la oda. Mimi ni fundi seremala, sina hati ya mshahara. Lakini nina tabia ya kuandika kila kazi kwenye daftari la kurasa 96 lenye madoa ya vanishi, kwa mfano: "kitanda 5 kwa 6, mninga, ametanguliza 120,000, kuchukua Ijumaa". Kwa miezi kumi kabla ya ajali kulikuwa na oda kila wiki, na kwa miezi saba baada yake kurasa zilikuwa tupu. Wakili wangu aliliweka daftari lile mezani likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa siku ya ajali, na kutoka hapo mazungumzo ya kipato yalibadilika. Muuza maziwa naye ana daftari, tena mara nyingi liko kwa mteja wa hoteli. Muuza ndizi wa soko la Mbuyuni ana wateja wanaoweza kuja kusema anachukua mikungu mingapi. Yote hayo ni ushahidi.

Mchangiaji wa tatu (wakili, Arusha)

Mfano wa daftari umegusa kiini chenyewe. Fidia hugawanyika katika sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara mahususi, yaani fedha unazoweza kuzitaja kwa hesabu: matibabu, usafiri, baiskeli, kipato ambacho tayari kimepotea. Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, la mwaka 1992, ilisema wazi kwamba hasara za aina hii ni lazima zitajwe mahususi kwenye hati ya madai na zithibitishwe. Hapo huruma haisaidii. Ya pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu, ulemavu, kushindwa kufurahia maisha uliyoyazoea, na hiyo hakimu huipima kwa busara yake akitazama uzito wa jeraha. Usiandike kwenye madai tarakimu ya kutisha ukidhani utapunguziwa hadi unachokitaka, kwa sababu tarakimu isiyo na msingi huchafua hata ile yenye msingi.

Jambo jingine ni uzembe wa kuchangia. Ikiwa ulikuwa unaendesha usiku bila taa wala kiakisi, au upande usio wako, upande wa pili utalileta hilo, na mahakama inaweza kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako. Kupunguza si kufuta. Nimekutana na majeruhi waliokata tamaa kwa sababu trafiki aliwaambia papo hapo kwamba "na wewe una makosa". Kauli ya barabarani si hukumu.

Na angalieni mmiliki ni nani. Magari mengi mikoa yetu huuzwa kwa kukabidhiana kadi bila kubadilisha jina kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA), na majeruhi hujikuta amemshtaki mtu aliyeuza gari miaka mitano iliyopita. Kampuni ya bima nayo ipelekewe taarifa ya maandishi kabla ya kufungua shauri au mara tu baada ya kulifungua, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila taarifa hiyo inaweza kukwepa kulipa hukumu.

Mchangiaji wa tano (Himo)

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanamke niliyefiwa na mume wangu mwaka jana. Alikuwa mlinzi wa kampuni binafsi, na usiku ule mwajiri alimtuma kwa baiskeli kutoka lindo moja kwenda jingine, akagongwa na lori karibu na Njia Panda. Walinipa rambirambi ya mazishi na tangu hapo hakuna aliyerudi. Nina watoto wawili. Je, haki hii inayozungumzwa hapa ni ya waliopona pekee?

Mchangiaji wa tatu (wakili, Arusha)

Marahaba dada, na pole sana kwa msiba huo. Haki hiyo ni yako pia, tena kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni dhidi ya dereva na mmiliki wa lori. Kuna sheria ya ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 310, inayowapa mke, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai kwa kupotelewa na mtu aliyewatunza. Kwa kawaida madai hayo huletwa na msimamizi wa mirathi, kwa hiyo anza na kikao cha ukoo na maombi ya usimamizi wa mirathi, ambayo kwa familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Usikubali mtu mwingine wa ukoo ateuliwe bila wewe kuelewa na kuridhia, kwa sababu fedha zitapitia mikononi mwake. Ninalisema hili bila kumvunjia heshima mtu yeyote. Nimeona wajane wengi wakilia baada ya hundi kutoka.

Njia ya pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Mumeo alikufa akitekeleza kazi aliyotumwa na mwajiri. Mfuko huu hauulizi dereva alikuwa na kosa au hakuwa nalo, unauliza kama ajali imetokana na kazi. Mwajiri ndiye anayechangia na ndiye anayepaswa kutoa taarifa, lakini akikaa kimya nenda mwenyewe ofisi ya WCF ukiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na chochote kinachoonyesha ajira yake, hata kitambulisho cha lindo. Nenda wiki hii, kwa sababu mifuko hii nayo ina muda wake wa kupokea madai.

Kama gharama za wakili zinakutisha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watu wasio na uwezo kusaidiwa bure. Kila halmashauri ina msajili msaidizi wa huduma hiyo, kwa kawaida katika idara ya maendeleo ya jamii. Muulize pale akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa.

Mchangiaji wa pili (Usa River)

Nisisitize hilo la "wanaotambuliwa". Huku kwetu kuna vishoka wanaozunguka wodini wakijiita maofisa wa bima. Wanataka usaini hati ya kuwapa mamlaka ya kupokea fedha, kisha unapewa theluthi. Malipo yaje kwa jina lako, kwenye akaunti yako. Na kama kampuni ya bima inakuzungusha bila kukujibu, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, malalamiko ya maandishi yanapokelewa.

Mleta uzi

Ndugu zangu, nimerudi kutoka wodini. Nilimsomea mzee uzi huu wote, polepole, mwanawe akiwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Nilipofika kwa yule dada wa Himo, mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaomba nimrudie sehemu ya ridhaa huru.

Muuguzi wa zamu ametueleza namna ya kuomba muhtasari wa matibabu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwepo karatasi ile iliposomwa, amekubali kuandika alichokisikia. Anasema msomaji aliruka mstari wa mwisho. Kijana amekwenda eneo la ajali na kumpata mama wa genge aliyeandika namba ya kifodi kwa mkaa kwenye ubao wa meza yake. Ubao umepigwa picha ukiwa mahali pake, na mama ameombwa asiufute.

Waliouliza kwa ujumbe binafsi: mimi nililipwa kwa maridhiano, baada ya barua ya madai na kabla ya shauri kusikilizwa, jumla ya shilingi milioni 6 na laki 8, miezi kumi na tisa tangu siku ya ajali. Karatasi ya kumaliza madai niliisaini ofisini kwa wakili, nikiwa nimekaa kwenye kiti, na niliisoma mara mbili.

Dada wa Himo, mke wangu yuko tayari kukusindikiza WCF. Nimekuachia namba yake kwenye ujumbe binafsi. Sisi na mzee tunakwenda kituoni Jumatatu saa tatu asubuhi kuulizia PF3 na ramani ya ajali, na kijana ndiye atakayesukuma kiti cha magurudumu.